Matroni wa Hamugembe

Kuna watu wa ukoo wetu wanaosema Matroni alimzuia mjukuu wangu kumzika babu yake. Ni kweli, alimzuia. Na bado nikimsikia mtu anamsema vibaya, sokoni Muleba au nje ya kanisa baada ya misa, naweka chini nilichobeba namjibu hapo hapo. Maneno ya ukoo hayakuwahi kuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mjukuu wangu mwenyewe, Kemilembe, alikaa miaka bila kumpa mwanamke huyo hata salamu. Nilitaka wapatane nikiwa bado naona kwa macho yangu.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Hosteli nzima ilimwita Matroni, walinzi walimwita Matroni, walimu wa chuo na shahada zao walimwita Matroni, na padri akija kubariki vyumba alimwita Matroni, ingawa Matroni mwenyewe ni Mlutheri. Siku moja msichana wa mwaka wa kwanza alithubutu kumwita kwa jina lake la ubatizo. Matroni akamtazama toka kichwani hadi kwenye ndala, akasema, "Huyo unayemwita yuko nyumbani anapika. Hapa yupo Matroni. Unamtaka yupi?"

Mimi nilimjua kwa sababu ya ndizi. Kibanja chetu, shamba letu la migomba, kiko Muleba, na kwa miaka mingi tulipeleka ndizi kwenye jiko la hosteli ya wasichana wa chuo kikuu pale Hamugembe, Bukoba mjini. Nilikuwa napanda mbele kwa dereva, mikungu ikiwa nyuma, nakwenda kuhakikisha kinachopokelewa ndicho nilichokata. Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, kisha jembe likanipokea. Kwa hiyo chuo kikuu kwangu mimi kilikuwa mlango wa jiko, moshi, masufuria ambayo ndama angeweza kuoga ndani yake, na huyo mwanamke mrefu, mwembamba, amefunga kitenge juu ya gauni, anabonyeza ndizi zangu kwa kidole gumba kama daktari anavyobonyeza tumbo la mgonjwa.

"Mama, hizi zimekatwa changa."

"Changa kama nani?"

"Kama wasichana wangu. Na wao nikiletewa kabla hawajakomaa nafanya nini? Napokea."

Akazipokea. Tukacheka, nikajua huyu tutaelewana.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa moto. Wasichana walikuwa wanaficha hita, ule waya wa kujisokota wa kuchemshia maji kwenye ndoo, na wengine waliupikia hata wali. Matroni aliwinda hita kama paka. Alipita koridoni bila viatu, ndala mkononi, pua mbele. "Chumba hiki kinanukia maharage," anasema, na mlango unafunguliwa. Zote alizozinyang'anya alizirundika ndani ya beseni chini ya meza yake ofisini. Sasa niwaambie nilichoona. Chini ya meza hiyo hiyo, nyuma ya beseni hilo hilo, alikuwa na jiko lake la umeme, na juu yake sufuria ya uji. Msichana aliyeumwa tumbo la mwezi, au aliyeishiwa kabla bumu halijaingia, hiyo pesa ya mkopo wanayopewa wanafunzi, aliitwa ofisini kwenda kugombezwa. Mlango unafungwa. Kelele zinasikika mpaka getini. Msichana anatoka amefuta mdomo.

"Wewe ni mnafiki," nilimwambia.

"Mimi ni matroni," akanijibu. "Mnafiki ana sheria moja na haifuati. Mimi ninazo mbili, na zote nazifuata."

Ndivyo alivyokuwa. Vyumba vya hosteli vilikuwa vya watu wanne, vitanda vya ghorofa viwili, lakini wasichana walilala sita, mara nyingine saba. Wenyewe wanaita kubebana: aliyepata kitanda anambeba mwenzake aliyekosa, wanalala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule. Matroni alikuwa anafanya msako, anawatoa waliobebwa kabatini na chini ya vitanda, anawapanga ukutani kama mikungu. Halafu nikaja siku moja na ndizi, nikakuta msichana mgeni anatoka chumbani kwa Matroni mwenyewe, na mswaki mdomoni.

"Nani huyu?"

"Mpwa wangu."

Mpwa gani! Msichana alikuwa Mmakonde wa Mtwara, kumenya ndizi hajui, anaishika kama anaiogopa itamng'ata. Alibebwa na Matroni muhula mzima, na misako ikaendelea kama kawaida.

Jumapili ilikuwa kituko. Yeye ibada yake ya Kilutheri ilianza jua limeshapanda, lakini alikuwa anaamka gizani kuwagongea Wakatoliki. "Wakatoliki! Misa ya kwanza! Sisi wengine Mungu tunamwacha anywe chai, ninyi mmezoea kumsumbua mapema! Amkeni!" Na akimkuta Mkatoliki kitandani baada ya misa kuanza, alimtia haya kuliko paroko. Nikamuuliza inamhusu nini. Akasema, "Mzazi wake alimleta akiwa Mkatoliki. Nitamrudisha akiwa Mkatoliki. Akitaka kubadilika, abadilike akishafika kwao."

Na senene je! Nani amekaa Bukoba asijue msimu wa senene? Nilifika asubuhi na mzigo wangu, nikakuta vyumba vitupu. Hosteli nzima iko nje, kanga kiunoni, wanaokota senene waliomwagika chini ya taa za usalama, kwenye majani, kwenye kamba za nguo, kila mmoja na ndoo yake. Mwalimu mmoja kijana, kompyuta kwapani, amesimama getini, anauliza darasa lake liko wapi.

"Mwalimu," Matroni akamwambia, "leo kafundishe viti. Watu wangu wako kazini."

Msichana wa Dodoma akapiga kelele, "Jamani, kweli mnakula panzi?"

"Panzi ni wewe," Matroni akamjibu. "Kaa hapo, nyonyoa mabawa. Ukimaliza ndoo ndipo utoe maoni."

Mchana nilimwona yule wa Dodoma analamba vidole. Kesho yake Matroni akawadekisha wote korido kwa kosa la kukosa darasa, akisimamia kwa ukali, na bawa la senene limemnasa kwenye nywele. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kemilembe tulimlea mimi na mume wangu tangu anaota meno. Alipochaguliwa chuo hicho hicho nilichokuwa nakilisha ndizi, nilitembea kijijini kama mtu aliyemeza fimbo, shingo haigeuki. Tulimpeleka sisi wawili, na sanduku lake la bati, na godoro. Getini Matroni akamwangalia mume wangu.

"Shikamoo, mzee. Kaa hapo kwenye benchi."

"Mimi ni babu yake."

"Nimeona. Ana masikio yako. Mwanamume hapiti geti hili."

"Hata babu?"

"Hata mchungaji wangu."

Mume wangu hakuwa mtu wa kuambiwa kaa. Nikajua leo tunarudi na sanduku. Lakini tulipotoka ndani tulimkuta ameketi, anatafuna kahawa zake zilizokaushwa, zile tunazompa mgeni hapa kwetu, na anatabasamu peke yake. "Huyu mwanamke akiwa hapa," akaniambia njiani, "mimi nalala." Tangu siku hiyo kila alipokuja mjini alimletea Matroni kahawa za kutafuna, wakawa wanatafuna pamoja, yeye nje ya geti, Matroni ndani, wanabishana habari za mvua.

Siku hiyo ya kwanza mimi nilipita, maana ni mwanamke. Nilikuwa nimebeba na mzigo wangu ambao Kemilembe hakuujua: nyasi. Nyasi laini, nimezikata mwenyewe, nimezifunga vizuri. Kwetu nyumba ya heshima inatandikwa nyasi, hasa siku ya kupokea mtu. Na yule mtu wetu alikuwa anapokelewa chuo kikuu. Nikaingia chumbani, nikakuta sakafu ya vigae, baridi kama samaki wa ziwani. Nikafungua mzigo wangu nikatandaza kati ya vitanda, vizuri, mpaka mlangoni.

Msichana mmoja akaanza kupiga chafya. Mwingine akauliza kwa adabu, "Bibi, kuna ng'ombe anakuja?"

"Bibi, unaniaibisha," Kemilembe akaninong'oneza. Masikio yale ya babu yake yalikuwa yamewaka.

Matroni akatokea. Nilijikaza, maana nilijua ninatimuliwa. Alisimama mlangoni, akavua ndala zake, akaingia miguu mitupu, akasimama katikati ya nyasi zangu. Akasema, "Mshauri wa wanafunzi anapita kukagua Ijumaa. Mpaka Ijumaa mimi sijaona kitu humu." Na Ijumaa alizizoa mwenyewe akaenda kuzitandaza kwenye migomba nyuma ya hosteli.

Alikuwa na neno lake moja, na nadhani wasichana waliotoka pale wanalisikia mpaka leo. Msichana anakuja analia, mchumba kamwacha, au amepata sapu, yaani amefeli somo na atarudia mtihani, au nyumbani wamegombana. Matroni anamwacha alie. Kisha anamuuliza, "Umemaliza?" Msichana anafikiri anaulizwa kuhusu kulia. "Nimemaliza." "Chuo umemaliza?" "Bado." "Basi huna ruhusa ya kufa. Nenda kaoge."

Kumaliza ndiko kulikuwa kama dini yake ya pili. Mmoja alipata mimba mwaka wa tatu, familia ikaja na gari kumchukua, baba mtu amejaa hasira. Matroni akamkalisha kwenye benchi lile lile, akamwambia, "Mzee, mimba itakaa miezi yake ukiwa na hasira au usiwe nayo. Mtihani haungoji. Kati ya hivyo viwili, kipi utakipisha kwanza?" Msichana akafanya mtihani na tumbo lake mbele, mtoto akazaliwa mama yake ana shahada. Sijui kama Matroni mwenyewe kuna aliyemkatizia kitu zamani. Sikuuliza. Wapo watu huwezi kuwauliza ya kwao, unaona tu mahali wanapokanyagia.

Sasa nieleze lile linalosemwa.

Ndugu za mume wangu, wakiongozwa na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, walikuwa wameshachoka na kusoma kwa Kemilembe. Walikuwa na mwanamume wao, mwenye duka, aliyemtaka. Kila walipokaa kikao walisema msichana amesoma ya kutosha, atakuja kutudharau. Mume wangu alikuwa anawajibu kwa neno moja tu, "Akimaliza." Wanarudi makwao. Mwezi mwingine wanakuja tena, "Akimaliza." Yeye ndiye aliyekuwa ukuta. Halafu ukuta ukaanguka. Mume wangu alifariki asubuhi, Kemilembe akiwa amebakiza mtihani mmoja tu, wa mwisho kabisa.

Wiki ya mitihani wasichana wengi walikuwa wanamwachia Matroni simu zao ili zisiwasumbue, na Kemilembe alikuwa amemwachia. Kwa hiyo simu ya msiba ilipopigwa, aliyeipokea ni Matroni. Akanipigia mimi.

"Mama, pole. Pole sana, waitu, mwenzangu. Mzee wangu jamani." Nikamsikia anavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Mazishi lini?"

"Kesho mchana."

"Mtihani wake ni kesho mchana."

"Nikimwambia, atakuja," akasema.

"Atakuja."

"Chuo kitamruhusu, mtihani ataufanya wakati mwingine. Ila akifika huko, watamwachia arudi?"

Nilichungulia mlangoni. Shemeji zangu walikuwa wamekaa uani wanaongea kwa sauti ya chini, na katikati yao nikamwona mwenye duka, amekuja msibani amevaa koti, amekaa kama mtu wa nyumbani.

"Hawatamwachia," nikasema.

"Basi simwambii. Unakubali?"

"Usimwambie."

"Atanichukia."

"Atatuchukia wote wawili."

"Hapana. Wewe ni mjane, mjane hachukiwi. Atanichukia mimi. Sawa, na achukie."

Kesho yake akaja. Mwanamke ambaye wiki ya mitihani hakutoka hosteli hata kununua chumvi, alimwachia msaidizi wake geti, akapanda gari akaja Muleba. Mimi nilikuwa ndani, kwenye nyasi, nimefunikwa kanga, wanawake wamenizunguka, maana kwetu mjane anakaa humo mpaka yote yaishe. Karibu na mlango walikuwa wamekaa wajukuu. Matroni aliinama kuingia, akaniangalia mara moja tu, akaenda kuketi kati ya wajukuu, pale pale ambapo Kemilembe angeketi, katikati ya binamu zake. Watoto wakasogea wakampisha. Wanawake wakaanza kugonganisha viwiko.

Shemeji yangu akaja mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Ni matroni wa hosteli."

"Msichana wetu yuko wapi?"

"Yuko kwenye mtihani."

"Mtihani gani huo unaomzidi babu?"

"Ule alioutaka babu."

"Hapo ulipokaa wanakaa wajukuu."

"Naona," Matroni akasema. "Ndiyo maana nimekaa."

Shemeji yangu akaondoka. Muda ukafika, wakamtoa mume wangu, watu wote wakatoka nyuma yake, na mimi nikabaki ndani nimeshikwa mikono. Kaburi sikuliona. Matroni sikumwona tena siku ile. Waliniambia hakukaa kula, aliosha mikono akaenda barabarani kutafuta gari, kwa sababu alitaka amwambie Kemilembe kwa mdomo wake, asije akasikia kwa mwingine.

Alimwambia jioni hiyo, pale uani hosteli. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyenisimulia. Kemilembe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usiniguse." Matroni akarudisha mkono. Kemilembe akasema, "Ulikwenda kumzika babu yangu, mimi nikiwa nachora majedwali." Akaingia ndani. Asubuhi akaja nyumbani, udongo wa kaburi umeshaanza kukauka.

Akaniuliza, "Bibi, ulijua?"

"Nilijua. Nilikubali."

Alilia mapajani kwangu mpaka kanga ikalowa. Mimi alinisamehe. Labda Matroni alisema kweli, mjane hachukiwi. Na shemeji zangu walipoanza habari za mwenye duka, alisimama akawaambia, "Nimemaliza." Hawakuwa na la kumfanya. Yule bwana akavaa koti lake akaenda kuoa kwingine, na nasikia mkewe anamnyoosha, hongera yake.

Lakini Matroni hakusamehewa. Vitu vyake hosteli Kemilembe aliagiza rafiki akamchukulie. Siku ya mahafali, siku ambayo nilimwona mtoto niliyemfuta makamasi amevaa joho jeusi, jina lake linatajwa kwenye spika na mji wote unasikia, siku ambayo alinivalisha ile kofia yao bapa kichwani na nikaringa nayo mpaka ikaanguka kwenye sahani ya pilau, siku hiyo Matroni alikuwa amesimama mbali, karibu na geti. Nikampungia. Akanipungia. Kemilembe akageuza uso akaanza kutengeneza joho ambalo halikuwa na kasoro.

Sasa yeye ni mwalimu wa hesabu, sekondari huku huku Muleba. Wanafunzi wake wanamwogopa na wanafaulu. Wazazi wananipisha kwenye foleni ya zahanati kwa ajili yake. Mimi nikimtaja Matroni, anasema, "Bibi, tuongee mengine," na tunaongea mengine.

Mvua za masika zilizopita nikasikia Matroni amestaafu, yuko kwao Ijuganyondo, pale pale Bukoba, miguu inamsumbua. Nikamwambia Kemilembe, "Nisindikize Bukoba."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

Si mjinga. Alinitazama, akabeba mfuko wa ndizi, tukapanda gari. Tulipofika akaniingiza mpaka uani, akaweka mfuko chini, akarudi kusimama kwenye mibuni kando ya njia, amekunja mikono.

Matroni alikuwa barazani, kwenye kiti, miguu ameinyoosha juu ya stuli. Alikuwa amepungua, uso tu ndio ule ule.

"Ni yeye yule?" akaniuliza.

"Ni yeye."

"Amenenepa. Vizuri."

"Mwite."

"Simwiti. Ni mtu mzima."

Basi tukaongea mambo ya miguu na dawa, na ndizi zinavyonyauka siku hizi, sauti zetu zote mbili zikiwa juu kidogo ili zifike kwenye mibuni. Mungu ndiye aliyetusaidia, akaleta mvua. Mvua ya Bukoba hairuhusu mtu kununa nje. Kemilembe akaja anakimbia, akasimama ukingoni mwa baraza, maji yanamtiririka.

"Habari za hapa," akasema. Shikamoo hakutoa. Kama anayemsalimu muuza duka.

"Nzuri, mwalimu."

Mvua ikapiga bati. Kemilembe mwenyewe akaanza.

"Nilikuwa mtu mzima hata wakati ule. Ulipaswa kuniambia, nichague mwenyewe."

"Nilipaswa. Nilikunyang'anya haki yako."

"Hujitetei hata kidogo?"

"Nijitetee nini? Ungechagua kuja. Mtoto aliyelelewa vizuri anakuja. Mimi nilitaka yule aliyemaliza." Akasogeza mguu mmoja kwa mikono miwili. "Ningekuwa pale leo, ningefanya vile vile. Ujue hilo kabla hujakaa, usije ukakaa bure."

Nilidhani Kemilembe anaondoka na mvua ile ile. Hakuondoka. Alibaki anaangalia maji yanavyochimba uani, na aliposema tena, sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyemlea.

"Hakuna anayenisimulia alivyozikwa. Nikiuliza wananiambia alizikwa vizuri. Vizuri ndiyo nini? Bibi alikuwa ndani, hakuona. Wajukuu wote walimtupia udongo. Pangu palikuwa wazi, wakaparuka wakaendelea."

"Nani kakuambia palikuwa wazi?"

Kemilembe akageuka.

"Babu yako mkubwa alisimama juu ya kaburi, mvua inanyunya," Matroni akasema. "Anawaita wajukuu kwa majina, mmoja mmoja, mtu anaitika, anapita, anatupa udongo. Akafika kwako. Akaniona nimesimama kwenye mstari, akaruka, akaita anayefuata. Nikamwambia, 'Mzee, umeruka.' Akasema, 'Huyo hayupo.' Nikamwambia, 'Mwite.' Akasema, 'Mama, usituletee vurugu msibani.' Nikamwambia, 'Mwite, usipomwita mimi nakaa hapa mpaka kesho, na jeneza lenu linanyeshewa.' Basi akaita, kwa hasira. Kemilembe! Nikaitika."

"Ukaitika?"

"Abee. Hivyo hivyo. Mimi na mvi zangu. Kuna waliocheka, msibani, unaweza kuamini? Nikapita. Udongo ulikuwa umelowa, umenata vidoleni, nikaukung'uta mpaka ukatoka wote. Nikamwambia mzee wangu, 'Anamalizia ukurasa wa mwisho. Atakuja.' Kisha nikatoka kwenye mstari, wakaendelea kuita wengine."

Mimi sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Miaka yote watu waliotoka kwenye kaburi lile walikuja kuniambia Matroni alileta fujo, na hakuna aliyeniambia fujo yenyewe ilikuwa nini. Nikavuta kanga nikajifuta, nikamwangalia yule mwanamke na miguu yake iliyovimba, na yule msichana wangu aliyelowa, na nikasikia moyo unanijaa mpaka nikashindwa kukaa. Sijui wengine wanaringia nini.

Kemilembe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Alipoutoa alikuwa analia na kucheka pamoja. Akaja akachuchumaa karibu na stuli ile ya miguu.

"Niite," akasema.

"Nikuite nini, mtu uko hapa?"

"Niite tu kama alivyoita."

Matroni akanitazama. Nikampa ishara ya kichwa. Akajiweka sawa kitini, akavuta pumzi, akaita kwa sauti kubwa, kama anaita mtu aliye ng'ambo ya kibanja.

"Kemilembe!"

Na mjukuu wangu, mwalimu mzima wa watu, akapiga magoti kwenye ile baraza yenye maji, akaitika.